Gari Lililopiga Mluzi

Daktari wa meno anayekaribia miaka hamsini, mwenye watoto waliokwisha kumzidi kimo, hana sababu yoyote ya maana ya kununua gari la mbio. Sababu za kutolinunua ndizo nyingi. Mumewe alizitaja zote mezani, kwa upole wa mtu anayejua kwamba anatwanga maji kwenye kinu: lina milango miwili na sisi tuko wanne, liko chini mno, kushuka ni kama kutoka shimoni, limeshapita mikononi mwa watu tusiowajua na hatujui walilitesa vipi, na wewe, mama watoto, safari yako ni ya kazini na kurudi, njia yenyewe matuta matupu. Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea mboga, na asubuhi yake akaenda kulichukua.

Chiriku ni jina alilopewa na baba yake, fundi wa magari, enzi zile alipokuwa mtoto wa kuongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, kwa sauti nyembamba kama ya ndege huyo. Jina la kwenye cheti wanalijua watu wa hospitali. Kwao aliendelea kuitwa Chiriku, ingawa maneno yalikuwa yamemwisha siku nyingi. Hata kazi aliyoichagua haina mazungumzo: unamwambia mtu "fungua," unamwambia "sukutua," na yeye mdomo umejaa pamba.

Basi kwa nini alilinunua? Kwa sababu ya sauti. Siku ya kulijaribu aliketi kwenye usukani, mwenye gari pembeni yake, mpiga gitaa wa bendi ya harusi aliyekuwa na haraka ya kuuza. Walipotokea kwenye barabara pana Chiriku akakanyaga mafuta, na kutoka chini ya boneti ukapanda mluzi mwembamba, mrefu, uliozidi kupanda kadiri mwendo ulivyozidi. Vinyweleo vilimsimama. Hakuwa ameusikia mluzi ule tangu walipomzika baba yake.

"Linapiga mluzi," alisema.

Mpiga gitaa akadhani analalamika. "Hiyo ni tabo tu, mama. Kile kifeni kinachoisukumia injini hewa. Magari haya yote ndivyo yalivyo."

"Nalichukua," alisema Chiriku, na yule bwana, ambaye alikuwa amejiandaa na uongo mwingine mzuri zaidi, akabaki nao.

Ili uelewe, lazima ujue gereji ya baba yake ilivyokuwa. Ilikuwa nyuma ya nyumba, ua wa udongo uliokunywa oili mpaka ukawa mweusi na mgumu kama sakafu, paa la mabati upande mmoja, na mlango mkubwa wa chuma uliofunguka barabarani. Mama alikaa karibu na mlango huo, kwenye meza yenye misumari ya kutundikia funguo, akipokea magari na kusikiliza visa vya wenye magari, maana hakuna mtu anayesema uongo kama mtu anayeeleza gari lake liliharibikaje. Baba alikuwa miguu. Utotoni Chiriku aliijua zaidi miguu ya baba yake kuliko uso wake: viatu vizito vinavyotokeza chini ya gari, vidole vikielekea juu, na nyundo ikigonga huko gizani. Harufu ya petroli, ya grisi na ya sabuni ya unga aliyonawia mikono jioni, mpaka leo zikimjia puani kwa bahati mbaya mahali fulani, yeye hupoteza alichokuwa anakisema.

Na kila gari lililotoka kwenye ua ule lilitoka likipiga mluzi. Lako lingeingia likikohoa, likitoa moshi, likiburuzwa kwa kamba, lingetoka na mluzi. Watu wa mtaa waliutambua. "Hilo limetoka kwa Fundi," walisema, gari likiwa bado kwenye kona, kama vile unavyomtambua fundi cherehani kwa mshono wake. Gari la Baba mwenyewe, kuukuu, jeupe, ndilo lililopiga kuliko yote. Alipokuwa akirudi jioni kutoka kulijaribu gari la mteja, Mama aliusikia mluzi tangu mbali, akainuka kubandika maji ya kuoga. Chiriku akiwa kitandani na homa, au akiwa amefanya kosa na anasubiri kipigo, au akiwa na habari njema iliyomjaa mpaka kooni, sauti ile ndiyo iliyomwambia kwamba Baba amefika. Hakuna muziki wowote aliowahi kuupenda kama ule.

Kwa hiyo alilipeleka gari lake jipya kuukuu nyumbani akiwa na tabasamu la kijinga, akazunguka nalo wiki nzima bila sababu, madirisha wazi, akisikiliza. Kisha likaanza visa.

Lilianzia barabara kuu. Alipoingiza gia ya tatu na kukanyaga mafuta, mluzi ukapanda vizuri, halafu injini ikakohoa kama mtu aliyepaliwa na uji. Taa ya njano ikawaka. Nguvu zikakatika palepale, moshi mweusi ukatoka nyuma, na gari la mbio likawa linajikokota kando ya barabara huku lori la saruji likilipita. Dereva wa lori alimtazama kwa huruma kutoka juu. Hiyo huruma ndiyo iliyomuuma zaidi.

Kulikuwa na fundi mmoja tu wa kumpelekea, naye ni Bisibisi. Bisibisi ni mtoto wa baba yake mdogo, mwembamba tangu kuzaliwa, ndiyo maana ya jina, na ufundi wake wote aliupata kwenye ule ua wa nyuma ya nyumba, chini ya mkono wa Baba. Sasa alikuwa na gereji yake ya sakafu ya saruji, mashine ya kunyanyulia magari na kompyuta ya kusoma magonjwa yake. Alilizunguka gari la dada yake mara mbili, mikono mfukoni.

"Dada," alisema, "umeanza uzee vibaya."

"Fungua boneti, acha umbeya."

Alichomeka kompyuta. Kompyuta ikasema kwamba mafuta yanayoingia hayalingani na hewa, jambo ambalo, alivyosema Bisibisi, ni sawa na daktari kukwambia kwamba unaumwa. Akasafisha kile kidude kinachopima hewa. Wakaenda kulijaribu. Mluzi ukapanda, injini ikakohoa, taa ikawaka. Akabadilisha plagi, wakaenda, likakohoa. Akabadilisha chujio la hewa, akapima pampu ya mafuta, akabadilisha koili, kila jambo likiambatana na safari nyingine ya barabara kuu. Mabomba ya hewa aliyaminya kwa mkono, yale yaliyoonekana kwa juu, akayaona mazima, akaachana nayo.

Na katika kila safari, kabla ya kukohoa, walikuwa na ile dakika yao ya raha. Mluzi ukianza kupanda, Bisibisi alifumba macho.

"Sikia hiyo," alisema. "Baba Mkubwa mtupu."

"Ndiyo maana nililichukua."

"Ningekuwa mimi ningelichukua hata kama halina magurudumu." Alicheka. "Unajua sisi mafundi wadogo tulikuwa tunautafuta ule mluzi? Gari akimaliza yeye, linaimba. Tukimaliza sisi, kimya. Tukaona bado hatujaiva. Basi tukigeuka huku na huku, mzee haoni, tunalegeza klipu ya bomba la hewa, kidogo tu, mpaka liimbe kama lake. Hapo ndipo tunampa mteja funguo."

Walicheka mpaka machozi, watu wazima wawili wenye akili timamu, kisha injini ikapaliwa, taa ikawaka, wakarudi gereji kwa mwendo wa maiti. Wala hakuna kati yao aliyeyaunganisha hayo mambo mawili. Usiwacheke sana. Kitu ulicholelewa nacho hukioni, na hawa walilelewa na mluzi.

Mwishowe Bisibisi akanawa mikono, na ndugu zake walijua kwamba akinawa mikono kabla ya jioni basi ameshindwa.

"Nikwambie ukweli?" alisema. "Kuna kitu kinaisumbua hii injini, na mimi sikioni. Tabo inazunguka kupita kiasi, mafuta yanaingia kupita kiasi. Ukiendelea kulikanyaga hivi, siku moja itapasuka ukiwa barabarani, na ikipasuka inaondoka na injini. Hapo utabaki na kiti kizuri cha kukalia uani. Liuze wakati bado linatembea. Mwambie mtu ukweli wake, aje alichukue."

Chiriku aliegemea mlango wa gari. "Nikiliuza, sitausikia tena."

Bisibisi alijua anazungumzia nini. Gari jeupe la Baba liliuzwa kama vyuma chakavu, ua wa nyuma umejengwa vyumba vya kupangisha, na hata picha nzuri ya Baba hawana, maana kila picha aliyopigwa alikuwa ameinama. Mluzi ule tu ndio uliobaki, na umo ndani ya gari linalotaka kufa.

"Basi nipe mpaka kesho," alisema Chiriku. "Nataka Mama ausikie mara moja. Halafu tutajua."

Asubuhi alimfuata mama yake. Mama alikuwa amevaa vizuri kama anayekwenda kanisani au mahakamani, mkoba mkononi. Alilitazama gari, akatazama mlango wake mrefu, akatazama kiti kilichokaribia kugusa lami.

"Hili gari tunaingia," aliuliza, "au tunalivaa?"

Iliwachukua muda, na kicheko, na Mama kuvua viatu. Alizungumza kwa ile sauti yake nzito inayotoka kifuani, ambayo majirani waliizoea na wageni waliiogopa. Utotoni Chiriku alidhani mama yake anakasirika kila jioni. Sokoni alikuwa na sauti nyingine kabisa, laini, ya kubembeleza bei. Akifika nyumbani tu, kifua kinafunguka.

Walipofika barabara kuu Chiriku alipandisha vioo ili wasisumbuliwe na upepo. "Sasa sikiliza," alisema, akakanyaga.

Mluzi ukapanda. Chiriku akamtazama mama yake pembeni, akitegemea tabasamu, au chozi, au mkono kifuani. Mama alikunja uso. Akageuza kichwa kidogo, kama mtu anayetafuta harufu ya kitu kinachoungua jikoni.

"Punguza," alisema. "Punguza kabla halijakohoa. Turudi kwa Bisibisi. Gari lako linavuja hewa."

"Mama, huo ni mluzi. Ni kama wa Baba."

"Ndicho ninachokwambia. Linavuja hewa kama magari yote ya baba yako."

Chiriku alipunguza. Akageuza gari kurudi gereji. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba picha aliyoitundika ukutani miaka yote ni ya mtu mwingine.

Bisibisi alileta kiti. Mama hakukaa; alisimama mbele ya boneti, mkoba mbele yake kwa mikono miwili, akawaeleza wote wawili kwa pamoja, maana hakutaka kulieleza mara mbili.

Kulikuja mteja mmoja zamani, alisema, fundi wa mashine za meli aliyekuwa likizo. Alipochukua gari lake alimwambia Mama pale mezani, kwa adabu, asimwaibishe mwenye gereji: shemeji, kazi ni nzuri, lakini hewa inavuja, mwambie bwana akaze bomba. Jioni Mama akamwambia. Baba akawasha gari jingine lililokuwa uani likipiga mluzi wa kutoboa masikio, akainama, akasikiliza.

"Akaniuliza, uko wapi huo mluzi? Nikamwonyesha kwa kidole. Akakitazama kidole changu. Kisha akanitazama usoni kuona kama namtania." Mama alitikisa kichwa. "Akasema, mbona mimi sisikii kitu. Na gari linalia pale mbele yetu kama birika."



"Nyundo ile, na ile mashine ya upepo, miaka yote, chini ya mabati," aliendelea. "Sauti nzito alizisikia vizuri tu. Beringi ikiugua angekwambia kabla hujashuka. Nyembamba ndizo zilizomkimbia. Nikamwambia twende kwa daktari. Akaninunia siku nzima. Nami nikafikiri: fundi asiyesikia, nani atamletea gari? Kabureta aliirekebisha kwa macho na pua, magari yalitembea, yakala mafuta kidogo zaidi, basi. Watu wakaanza kuusifia ule mluzi wenyewe. Nikaona, ya nini. Nikaacha."

Bisibisi alikaa kwenye tairi. "Mama Mkubwa. Kwa hiyo sisi tulipokuwa tunalegeza klipu..."

"Mlikuwa mnayaharibu magari ya watu. Ndiyo."

"Na mimi hapa mpaka leo..." Aliangalia magari mawili ya wateja yaliyokuwa yanasubiri mlangoni, akayaangalia tena kwa jicho jingine, akasimama haraka kama aliyekalia moto. "Nileteeni sabuni."

Kumbe kulitafuta tundu lenyewe kulikuwa rahisi, sasa walipojua kwamba ni tundu. Bisibisi aliziba mdomo wa bomba la kuvutia hewa, akachomeka mpira wa mashine ya upepo, akajaza upepo taratibu, kisha akamwagia mabomba yote maji ya sabuni. Mluzi ukaanza, hafifu, gari likiwa limezimwa. Chiriku alishika taa. Walifuata mabomba moja moja, ya juu, ya ubavuni, na lile linaloshuka nyuma ya injini mahali ambapo mkono hauingii, na hapo, upande wa chini, povu lilikuwa linachemka kama maziwa. Mpira ulikuwa umepasuka ufa mdogo, si mrefu kuliko ukucha, pembeni ya klipu iliyolegea. Gari likitembea taratibu ufa ulifumba. Likikanyagwa ulifumbuka, hewa ikapiga mluzi ikitoka, na injini ikabaki na mafuta mengi yasiyo na wa kuyachoma.

"Mpira mpya ninao, wa gari jingine, unaingia," alisema Bisibisi. Alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Lakini dada, ujue. Nikiuweka huu, mluzi unakwisha. Hakuna namna ya kupata vyote viwili."

"Najua."

"Nakwambia tu."

Chiriku alimkabidhi taa, akaenda kusimama mlangoni. Nje watu walikuwa wanapita na shughuli zao, mama mmoja anamvuta mtoto asiyetaka shule, mtu anasukuma baiskeli yenye magunia. Alitaka kusema, niachie mara moja tu. Nizunguke nalo mara ya mwisho, peke yangu, nikausikilize mluzi vizuri, nikauhifadhi kichwani. Aliona aibu kulisema, akalisema.

"Hiyo mara ya mwisho ndiyo tabo inaweza kupasuka," alijibu Bisibisi, bila ukali.

"Mwanangu," alisema Mama, "unachokililia ni ubovu."

"Ni ubovu wake, Mama. Sina kingine chake." Sauti ilimpanda juu, ikawa ile ya utotoni, nyembamba. "Sikuwa na mazungumzo na Baba. Wewe unajua. Nilikuwa nasimama pale mlangoni namwita, Baba, Baba, chakula tayari, Baba nimekuwa wa kwanza darasani, na ile miguu haisogei. Haisogei kabisa! Mpaka nikaacha. Nikaona ana magari yake. Akirudi jioni na ule mluzi ndiyo najua nina baba. Ndiyo mazungumzo yetu hayo. Sasa nayo niyakaze kwa klipu?"

Alipomaliza kusema, alisikia alichokisema. Ilimchukua muda mfupi tu, kwa sababu alikuwa mtu mwenye akili. Akamgeukia mama yake. Mama alikuwa ameinamisha uso, anafungua na kufunga kifungo cha mkoba.

"Alikuwa hanisikii," alisema Chiriku.

"Alikuwa hakusikii," alisema Mama. "Una sauti nyembamba tangu kuzaliwa. Mimi niliipeleka yangu kifuani, nikajifunza kuongea kama mwanamume ili tuelewane ndani ya nyumba. Wewe ulikuwa mtoto. Nilidhani atakugeukia ukimgusa. Sikujua kwamba umeacha kumwita."

Bisibisi alijifanya anatafuta kitu sandukuni. Chiriku alirudi kwenye gari, akainama juu ya injini. Alijua jambo moja kuhusu baba yake ambalo hakuhitaji kuambiwa na mtu: hajawahi kumrudishia mtu gari bovu huku akijua kwamba ni bovu. Angeusikia ufa ule asingelala.

"Weka huo mpira," alisema. "Klipu nitakaza mwenyewe."

Bisibisi aliuweka. Ilikuwa kazi ya kujikunja, mkono mmoja juu na mwingine chini, na matusi madogo ya kistaarabu kwa sababu ya Mama. Kisha akampa dada yake spana na kumwelekeza mahali. Chiriku alikaza. Akakaza tena.

"Inatosha?"

"Kaza mpaka ikatae."

Akakaza mpaka ikakataa.

Walitoka wawili, yeye na mama yake. Bisibisi alisema ana magari mawili ya watu ya kuyatubia. Barabara kuu ilikuwa nyeupe kwa jua. Chiriku aliingiza gia ya tatu, akasubiri kidogo, kisha akakanyaga. Halikukohoa. Lilishika mgongo wao likawasukuma kwenye viti kwa nguvu ambayo hakuwa ameijua, taratibu kwanza na kisha bila taratibu yoyote, Mama akasema "Ee Mungu wangu" na kushika mkanda. Taa ya njano haikuwaka. Na hakukuwa na mluzi. Palikuwa na injini inaunguruma chini, nzito, na matairi, na upepo kwenye kioo. Chiriku alisikiliza pale mluzi ulipokuwa, kama unavyogusa kwa ulimi pengo la jino lililong'olewa. Wagonjwa wake aliwakataza kila siku. Palikuwa patupu. Akapunguza mwendo, akaendesha kama daktari wa meno.

Walikwenda hivyo kwa muda. Kisha Mama akasema kitu, na Chiriku alishtuka, kwa sababu hakuwa ameisikia sauti ile ndani ya gari maisha yake yote. Ilikuwa ile ya sokoni, laini, ya chini, isiyomtafuta mtu.

"Aliwahi kuniuliza," Mama alisema.

"Kukuuliza nini?"

"Kuhusu wewe. Tulikuwa sebuleni, ananyoosha mgongo baada ya kazi. Akaniuliza, huyu Chiriku wangu ana nini? Mbona siku hizi haongei? Alikuwa na wasiwasi kweli. Akasema nyumba imepoa, tangu mtoto aache kelele zake haina ladha. Akaniuliza kama nimekugombeza."

Chiriku alishika usukani kwa mikono miwili. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia umekua." Mama alitazama nje ya dirisha. "Ningemwambia nini? Dirisha lilikuwa wazi. Ulikuwa hapo kibarazani na Bisibisi, unamsimulia sijui visa gani vya shule, unachonga mdomo hata pumzi huvuti. Mtaa mzima ulikuwa unakusikia."

Chiriku aliliweka gari kando ya barabara, akazima injini. Alilia kwa sauti, bila kujizuia na bila kujificha, uso kwenye usukani, na mama yake akamwekea mkono mgongoni akauacha hapo. Magari yalipita. Lori moja lilipiga honi.

Alipomaliza alipenga kwa kitambaa cha Mama, akakaa akitazama barabara.

"Nilikuwa wa kwanza darasani," alisema, kwa sauti yake. "Mwaka ule nilipovunjika mkono. Nilimpita hata yule mtoto wa mwalimu mkuu. Nilikimbia kutoka shule mpaka gereji bila kupumzika, nikafika, kiatu kimoja nimekidondosha njiani..."

"Hukuwahi kuniambia hayo," alisema Mama.

"Nilikuwa naja kumwambia yeye."

"Basi endelea," alisema Mama, akajiegemeza kwenye kiti. "Anza pale kwenye mkono."